Kabla hujauza simu uende Mombasa, soma hii kwanza

Hebu tupige hesabu pamoja. Uko Malakisi, au Bungoma, au Kitale, na mbogi yako imeapa kwamba mwaka huu lazima mwone ufuo wa ukweli. Kutoka huku kwetu hadi Nairobi ni kama kilomita 400. Nairobi hadi Mombasa ni zingine karibu 480. Hizo ni karibu kilomita 900 za kukaa kwenye kiti cha basi, magoti yakimsukuma mtu wa mbele, na bado hujalipia chumba, hujala, hujakodi hata tyubu ya kuogelea. Kurudi ni safari ile ile, ila sasa mfukoni hakuna kitu.

Sisemi bahari ni mbaya. Pwani wana fuo zao, wana msitu wa Arabuko-Sokoke, wana makaya ya Wamijikenda ambayo UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Siku ukipata nauli, nenda. Ninachouliza ni kwa nini kila mtu akitaja "ufuo" au "msitu wa kale," vichwa vyetu hugeukia mashariki, na ilhali vyote viwili viko huku magharibi. Unaweza kulala msituni leo, na kesho kutwa ukaamka kando ya maji, bila kukanyaga Nairobi.

Sisi tuliifanya hiyo safari Agosti. Tulikuwa watano ndani ya Probox. Majina yao siyaandiki, wameniomba, kwa hivyo nitawaita kwa kazi zao. Kuna Dereva, ambaye Probox yenyewe ni ya khocha wake, na khocha alitupa gari kwa sharti moja tu: lirudi likiwa limeoshwa. Kuna Mwalimu, binti wa Kitale anayefundisha shule ambapo mshahara unatoka kwa wazazi, na huo mshahara huja ukitaka. Yeye ndiye alikuwa mweka hazina wetu, na hakuna aliyethubutu kumchezea. Kuna Fundi wa simu. Kuna Kinyozi. Halafu mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na sasa naishi kwa kuandika vitu kama hivi.

Sababu ya kwenda Agosti na si Desemba ilikuwa Kinyozi. Alikuwa amepata kazi ya ulinzi huko Doha. Karatasi zote zilikuwa zimeenda, vipimo vya hospitali alikuwa amefanya, mama yake alikuwa ameuza ng'ombe wawili, na kilichobaki ni visa tu. Mkataba ni miaka miwili. Sisi watano tumekuwa pamoja tangu tukiwa wadogo, isipokuwa Mwalimu aliyejiunga nasi baadaye, na hatukuwa tumewahi kusafiri pamoja mbali zaidi ya Bungoma mjini. Tulichanga polepole kwa miezi miwili, kila mtu elfu nne na mia tano. Fundi alimaliza kulipa tukiwa tayari ndani ya gari.

Kama hujawahi kufika Malakisi, acha nikuchoree. Ni mji mdogo chini ya Mlima Elgon, karibu na mpaka wa Uganda. Mto wetu unaitwa Malakisi pia. Watu wengi hudhani mto huo unaingia Ziwa Victoria, lakini hapana. Maji yake yanavuka mpaka na kuelekea Ziwa Kyoga, na hukutana na maji ya Victoria huko mbele kabisa, ndani ya Nile. Kihistoria mji wetu una jina kubwa kuliko ukubwa wake: Februari 1948, polisi wa mkoloni waliwafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa hapa, dini ya Elijah Masinde, na watu wakafa. Shikilia huo mwaka, 1948. Tutakutana nao tena mahali usipotarajia.

Kitu kingine Malakisi inajulikana nacho ni tumbaku. Hilo nalo lishikilie.

Tuliondoka saa kumi na moja asubuhi. Bungoma tukaongeza mafuta, tukashika njia ya Webuye. Hapo Webuye unapita kando ya kile kiwanda cha karatasi, Pan Paper, kilichofungwa mwaka 2009 na kuacha mji mzima ukiwa umekaa kama nyumba iliyohamwa. Kuna wakati harufu yake ndiyo ilikuwa inakuambia umefika Webuye, hata ukiwa umelala. Ukitoka hapo unaingia barabara ya kuelekea Kakamega, na ukifika Malava, miti inakuja hadi kando ya lami. Kima wamekaa pembeni wakingoja ndizi kutoka kwa wasafiri. Usiwape. Fundi alitaka kuwapa, Mwalimu akamtazama kwa ile jicho ya darasa la nne, ndizi ikarudi kwenye mfuko.

Kale kamsitu ka Malava ni kipande tu kilichobaki pekee yake. Zamani kilikuwa kimeungana na ule mkubwa, Msitu wa Kakamega, ambao ndio tulikuwa tunaufuata.

Sasa hapa nataka ukae kidogo, kwa sababu Kakamega wengi wetu tunaijua kwa ingokho na ng'ombe wanaopigana, na msitu tunaupita tu kwa matatu. Huu ndio msitu wa mvua wa pekee nchini Kenya wa aina ya Kongo. Yaani kuna wakati msitu wa Afrika ya Kati ulikuwa umenyoosha mkono hadi huku, kisha hali ya hewa ikabadilika, watu wakalima, mkono ukakatika, na Kakamega ndiyo kidole kilichobaki upande huu wa mashariki. Leo eneo lote la hifadhi ni kama kilomita mraba 240, na si zote zenye miti. Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na iko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Upande wa kusini, Isecheno, unasimamiwa na shirika la misitu, KFS. Kwa hivyo ukisema "naenda Kakamega Forest," utaulizwa unaenda upande gani. Malipo ya Buyangu unafanya kwa eCitizen kabla hujafika langoni, na nakushauri uyafanye ukiwa mjini mtandao ukiwa na nguvu, kwa sababu msituni simu inakuwa saa ya ukutani.

Sisi tulienda Isecheno. Kuna nyumba za kulala za kawaida tu, unapika mwenyewe au unapikiwa, na kuna waongoza wageni ambao ni watu wa pale pale, waliozaliwa na msitu dirishani. Yetu alikuwa mzee wa kama miaka sitini, mwembamba, viatu vya mvua, anatembea mbele yako bila sauti halafu unashtukia amesimama. Tulimsalimia "Mulembe," naye akaanza kutuita wanangu tangu dakika hiyo.

Msituni kitu cha kwanza utakachogundua ni kwamba kelele zako ni nyingi. Sisi tuliingia na spika ndogo ya bluetooth ikicheza. Mzee hakusema kitu. Alisimama tu, akaangalia juu, akangoja. Baada ya dakika mbili Dereva akaizima mwenyewe. Ndipo tukaanza kusikia. Kuna mbega, wale weusi wenye mkia mweupe kama shuka, wanaruka kutoka mti hadi mti na unasikia matawi yakipokea uzito. Kuna hondohondo, anaruka na mabawa yake yanapiga hewa kama mtu anayekung'uta koti. Halafu kuna yule ndege mkubwa wa bluu mwenye kilemba kichwani, turaco, saizi ya kuku, anayepatikana Kenya katika misitu michache tu ya huku magharibi. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona. Sisi tulilipa mafuta ya Probox.

Mzee alituonyesha mti wa jamii ya mkuyu ambao umemmeza mwenzake. Mbegu yake huachwa na ndege juu kwenye tawi la mti mwingine, inaota, inateremsha mizizi hadi chini, na baada ya miaka mingi mti uliombeba unakufa ndani na kuoza. Unaingia katikati, unaangalia juu, unaona anga kama uko ndani ya bomba la moshi. Akatuonyesha pia mti ambao watu humenya magome yake kwa sababu ya dawa ya tezi dume, na kovu zake zilikuwa za urefu wa mtu. "Ukimenya upande mmoja, atapona," alisema. "Ukimzungusha, umemuua. Na mwenye haraka huzungusha."

Kisha akauliza tumetoka wapi. Malakisi, tukasema.

"Aah! Watu wa tumbaku!"

Tulicheka wote, lakini mimi kicheko kiliniishia haraka. Kuka wangu alikuwa na banda la kukaushia tumbaku. Kama hujui, majani yale ya kukaushwa kwa moto hutundikwa ndani ya banda, na kuni zinawaka usiku na mchana kwa karibu wiki nzima. Moto ukilala, majani yanaharibika na hela imeenda. Kwa hivyo mtu mmoja lazima akeshe. Zidisha hiyo kwa kila boma lililokuwa na mkataba na kampuni za sigara, zidisha kwa misimu na misimu, halafu niambie miti ya kienyeji ya Malakisi ilienda wapi. Karo ya baba yangu ililipwa na moto ule. Siwezi kusimama hapa na kumtukana kuka. Lakini leo ukiangalia vilima vyetu, kilichosimama kwa wingi ni mikaratasi iliyopandwa juzi, na mtoto wa Malakisi anaweza kumaliza shule bila kujua jina hata moja la mti ambao haukupandwa na mtu.

Nilimwambia mzee hayo. Alitikisa kichwa, akasema huko pia miti mikubwa iliuzwa sana zamani, mbao ziliondoka kwa malori. Ndiyo sababu ukizunguka pembezoni mwa msitu unakuta mkanda wa majani chai. Hiyo ni Nyayo Tea Zones, ilianzishwa mwaka 1986 ili chai iwe kama ukuta kati ya mashamba na miti. Ni ukuta wa ajabu kidogo, unauvuka kwa hatua hamsini. Jioni tuliona akina mama wakitoka na mizigo ya kuni kichwani, na mzee akawasalimia kwa majina.

Alfajiri ya siku ya pili tulipanda kilima cha Lirhanda. Unaanza kukiwa giza, tochi ya simu mkononi, na mwendo ni wa zaidi ya saa moja ikiwa kuna mtu kama Fundi anayesimama kila mara kufunga kamba za viatu. Juu kuna mwanya unaoingia ndani ya kilima. Si pango la asili. Miaka ya 1930 wazungu walikimbilia Kakamega kutafuta dhahabu, na hilo shimo ni lao. Sasa wapangaji ni popo. Jua lilipotoka, ukungu ulikuwa umelala juu ya msitu wote, na hapa na pale mti mmoja mrefu umetoa kichwa. Hakuna aliyepiga picha kwa dakika kama tano, na kwetu hiyo ni rekodi.

Kinyozi alimuuliza mzee, "Baba, huu msitu utakuwa hapa nikirudi?" Mzee akamuuliza anarudi lini. Akasema miaka miwili. Mzee akacheka hadi akakohoa. "Miaka miwili? Mwanangu, hapo mti hata hautajua uliondoka."

Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kama kilomita 50. Njiani utapita lile jiwe la Ilesi linalolia, limesimama kando ya barabara na mstari wa maji ukiteremka usoni. Simama, piga picha, endelea. Kisumu kwenyewe sitakuchosha nako. Ni mji mzuri, utaujua mwenyewe. Tulikula samaki Dunga, ngege mzima na ugali, tukaangalia gugumaji likielea kama uwanja wa mpira unaosafiri, na kabla ya saa tisa tulikuwa kwenye barabara ya Bondo. Kit Mikayi tuliipita kwa dirisha. Ni mawe makubwa yaliyopandana, na jina lake linamaanisha jiwe la mke wa kwanza. Mwalimu alitaka tushuke, Dereva akasema feri haingoji mke wa kwanza wala wa pili.

Feri hiyo ndiyo siri ya safari hii. Watu wengi wakienda Mbita huzunguka na barabara kupitia Ahero, Kendu Bay na Homa Bay. Sisi tuliteremka hadi Luanda K'Otieno, tukaingiza Probox kwenye feri kati ya lori la soda na pikipiki za wachuuzi wa samaki, na kwa kama saa moja tukavuka ghuba hadi Mbita. Kwa mtu wa Malakisi ambaye maji makubwa aliyojua ni mto uliofurika, ile saa moja inatosha nauli yote. Dereva alibaki ndani ya gari mwanzo, breki ya mkono ameishika kwa mikono miwili. Baadaye akatoka.

Kutoka Mbita unaingia kisiwa cha Rusinga kwa daraja. Zamani walijaza mawe na udongo ili watu wavuke, lakini maji yakazibwa, ziwa likaanza kuumwa upande mmoja, ikabidi daraja lijengwe ili maji yapite chini. Tulilala nyumba ya wageni ndogo upande wa ziwa. Bei ilianza juu, Mwalimu akaongea na mama mwenye nyumba pembeni, bei ikashuka. Sijui walisemezana nini. Kesho yake mama yule aliniambia, "Huyo bibi yenu ana akili, mshikeni vizuri," na hatukumrekebisha.

Sasa, nilikuahidi msitu wa kale. Ulidhani ni Kakamega? Kakamega ni mtoto.

Asubuhi kijana wa pale alitupeleka kwenye mteremko mkavu, ardhi ya kijivu, mbuzi wawili, jua linachoma, mti hakuna. Akaelekeza kidole chini. Tulikuwa tumesimama ndani ya msitu wa miaka milioni 18. Wakati huo kulikuwa na volkano jirani, na majivu na matope yake yalifunika kila kitu. Miti ikaoza, lakini umbo lake likabaki ndani ya udongo uliogeuka mwamba: visiki, mizizi, hata majani. Mwaka 2014 watafiti waliandika kuhusu visiki hivyo. Walionyesha kwamba hapo palikuwa na msitu mnene, matawi yakigusana juu, na kwamba kwenye tabaka lile lile la udongo kulikuwa na mifupa ya nyani wa kale wasio na mkia, jamaa wanaoitwa Proconsul, ambao ni wa ukoo wa mbali wa sisi na masokwe. Kwa hivyo sasa inajulikana waliishi wapi: juu ya miti iliyosimama pale pale ulipoweka kiatu chako.

Fuvu maarufu la nyani huyo lilipatikana Rusinga na Mary Leakey. Mwaka gani? 1948. Alipanda ndege nalo hadi Uingereza akiwa amelipakata. Nilisimama pale nikiwaza: mwaka mmoja, nchi moja. Huku Malakisi watu wanazikwa kwa sababu ya kuomba Mungu kwa njia yao, kule Rusinga mama mmoja anafuta vumbi kwenye uso wa miaka milioni 18. Na hizo habari mbili sikuwahi kuzisoma ukurasa mmoja, si shuleni, si chuoni.

Tahadhari moja. Usiokote kitu. Hata kijiwe kidogo chenye alama ya jani, kiache. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inalinda vitu hivyo, na zaidi ya sheria, ukikitoa mahali pake hakuna mtaalamu atakayejua tena kilikuwa cha tabaka gani. Fundi alikuwa tayari ameinama. Aliinuka akajifanya anafunga kamba za viatu.

Halafu tulienda kwa Tom Mboya. Kaburi lake liko hapo Rusinga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi, maana risasi ndiyo iliyomuua Nairobi, Julai 5, 1969. Ndani kuna picha na vitu vyake. Ukisoma habari za ndege za wanafunzi unaganda kidogo. Mwaka 1959 ndege ya kwanza iliondoka na vijana 81 kwenda kusoma Marekani, na baada yao wakaenda mamia. Mboya mwenyewe hakuwa na digrii, alikaa mwaka mmoja tu Ruskin College huko Oxford. Nakiri hiyo sehemu niliisoma mara mbili kwa sababu zangu.

Kinyozi alisimama mbele ya ile picha ya vijana wenye suti kwa muda mrefu. Alipotoka alisema, "Hawa walipelekwa na ndege wakasome. Sisi tunapelekwa tukafungue geti." Mwalimu akamwambia geti ni kazi kama kazi nyingine. Akajibu, "Sijasema si kazi." Kisha tukakaa kimya hadi kwenye gari. Siwezi kukudanganya kwamba kuna mtu alipata jibu zuri. Mimi niliye na mdomo mrefu kwenye simu, sikulipata.

Mchana tulipanda boti kutoka Mbita hadi kisiwa cha Takawiri. Hapa ndipo utakaponipigia simu kunishukuru. Kuna mchanga mweupe. Kuna minazi, eeh, minazi ya kweli, imeinama juu ya maji. Ukituma picha bila kuandika mahali, watu watakuuliza Diani ulifika lini. Maji hayana chumvi, kwa hivyo ukiogelea hutoki na macho mekundu.

Lakini kuogelea ziwani kuna masharti, na hili usiliruke. Kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wanaopenda maji yaliyotulia yenye matete na majani. Kwa hivyo usiingie majini penye matete, uliza wenyeji wanaogelea wapi, usikae majini mchana kutwa, na ukirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa nenda ukapimwe. Dawa ipo na haiumi. Kuna pia viboko na mamba sehemu nyingine, ndiyo maana nasema uliza wenyeji. Na ndani ya boti vaa jaketi la kuelea, hata kama linanuka samaki na rangi yake haiendani na shati lako.

Jioni tulirudi Rusinga tukakaa ufuoni. Kuna nyavu za kukaushia omena zimetandazwa, ardhi yote inang'aa kama imemwagiwa misumari midogo, na harufu unaizoea baada ya nusu saa. Giza lilipoingia, taa zikaanza kuwaka huko ziwani. Moja, tano, ishirini, halafu zikawa nyingi hata huwezi kuhesabu. Wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa, kwa sababu omena hufuata mwanga. Ukitazama kutoka nchi kavu unaona mji mzima umesimama juu ya maji, na asubuhi ule mji haupo.

"Doha iko hivyo usiku," Kinyozi alisema. "Nimeona kwa video."

Fundi akamuuliza kama anaogopa. Akasema anaogopa kitu kimoja tu, kwamba mama yake ataugua na wataficha, wamwambie baada ya kuzika, kwa sababu ndivyo watu hufanyiwa wakiwa nje. Akatufanya tuahidi, mmoja mmoja, kwa jina, kwamba tukisikia chochote tutampigia simu usiku huo huo. Dereva aliapa kwa khocha wake. Mimi niliapa hivi hivi. Halafu tukala samaki wa kukaanga kwenye karatasi na mtu akaleta ubishi wa Ingwe na Gor, na usiku ukaendelea kama usiku.

Siku ya nne tulirudi kwa barabara, Homa Bay, Kendu Bay, Ahero. Tuliosha gari Kakamega. Tulikuwa na shilingi mia sita zilizobaki kwenye mchango, na Mwalimu akatugawia mia moja na ishirini kila mtu, mkononi, kama peni za mtihani.

Ukitaka kwenda, Desemba hadi Februari ndio wakati mzuri, Kakamega mvua imepungua na njia za msituni hazitelezi sana. Agosti kama sisi inawezekana, ila beba koti la mvua, maana mvua ya alasiri huko haikosi. Nenda watu wanne au watano, mafuta yagawanyike. Beba pesa taslimu kidogo kwa ajili ya boti na waongoza wageni, na muelewane bei kabla hamjapanda. Mtu wa Kitale anaweza kuongeza nusu siku Saiwa Swamp mwanzoni, ile mbuga ndogo ya taifa ya swala wanaokaa kwenye kinamasi. Ni kama kilomita mraba tatu tu, unaizunguka kwa miguu.

Visa ya Kinyozi ilitoka wiki tatu baadaye. Tulimsindikiza hadi stendi ya mabasi Bungoma, usiku, na begi moja la buluu lililofungwa kwa kamba ya katani. Sasa Desemba tunapanga Elgon, miti iliyo hapo juu ya vichwa vyetu ambayo hatujawahi kuigusa. Mwalimu amefungua mchango upya. Wa kwanza kulipa alilipa kutoka Doha, elfu nne na mia tano kamili, na chini yake akaandika kiti chake kisikaliwe na Fundi.